Theluji ya Runzewe



Runzewe hakuanguki theluji. Ni mji wa njiani, katika barabara itokayo Kahama kwenda Rwanda na Burundi; kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Hata hivyo mwezi uliopita niliiona theluji huko, sebuleni kwa rafiki yangu. Ilikuwa ndani ya picha ya nyeusi na nyeupe: marehemu baba yake kasimama wima, koti limembana, na nyuma yake kilele cha Kibo kimevaa kofia nyeupe.

Mzee yule hakuwahi kufika Moshi. Mlima ulichorwa kwenye pazia la studio. Mjukuu wake akaniuliza, "Baba mdogo, hii theluji ni ya kweli?" Nikamjibu kwamba ingekuwa ya kweli, mpiga picha angepata taabu zaidi.

Maana kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu kina rangi ya wastani, kama majivu. Kielekeze kwenye weupe mtupu, kitaona mwanga umezidi, kitaupunguza, na theluji itatoka kijivu kama ugali wa muhogo. Mimi somo hili nilifunzwa na pamba. Nilipiga picha lundo la pamba safi, nikaisafisha, likatoka kama mchanga wa mtoni. Mwenye pamba hakunilipa, na sikumlaumu. Dawa yake ni kuongeza mwanga hatua moja au mbili kuliko kipimo kinavyosema, na kupiga asubuhi au jioni, vivuli vikiwa virefu. Jua la utosini huifanya theluji karatasi tupu. Kioo cha njano au chekundu mbele ya lenzi hulitia anga giza, na weupe ukasimama.

Aliyeyajua haya kuliko wengi ni Mwitaliano Vittorio Sella. Mwaka 1906 alipanda Ruwenzori pamoja na msafara wa Duke wa Abruzzi, katika milima ambayo mawingu hayaondoki ila kwa kubembelezwa. Leo wataalamu huzirudia picha zake kwa sababu zinaonyesha barafu ilipoishia. Mwaka ule barafu ya Ruwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5, kufikia 2003 haikutimia hata moja. Kibo nako, kilomita 11.4 za mwaka 1912 zilibaki 1.76 mwaka 2011.

Kazi za Sella zimetunzwa Biella, Italia, alikozaliwa. Je, negativu za studio ile ya Runzewe? Nilipouliza, nikaambiwa mwenyewe alipofariki, maboksi yalichomwa pamoja na takataka. Arusi za watu, vipaimara, vijana waliokwenda machimboni wasirudi, vyote moto mmoja! Nilikasirika, na hata sasa hasira haijaisha.

Basi picha ile ya ukutani ndiyo pekee, na kona yake moja imekwisha liwa na mende. Nikaomba niichukue nikatolee nakala mjini. Rafiki yangu akakataa katakata. "Kaka, ikipotea hiyo, sina baba tena."

Nikafungua dirisha, nikaipiga pale pale ukutani. Mwanga nikauongeza hatua moja, kwa ajili ya theluji.