Kituo cha Kuchaji Pikipiki: Mbona Hakifunguliwi?

(Maneno ya Katibu wa Chama mbele ya mkutano wa wanachama wa ushirika. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nitasema kwa ufupi, maana jua linazama na watu wana mifugo ya kufungia.

Kila mtu anakijua kibanda kipya kilicho karibu na mashine ya kusaga. Kuta zimesimama, bati liko juu, soketi kumi zimefungwa ukutani na kufunikwa magunia. Fedha yake imetoka kwenye alizeti yetu. Mwezi wa nne niliwaambieni kwa mdomo wangu huu kwamba kituo kitafunguliwa Sabasaba. Sabasaba ikapita, Nanenane ikapita, magunia bado yapo. Huko vilabuni inasemwa eti fedha zimeliwa. Basi leo nimekuja kujibu.

Kwanza, fedha hazikuliwa. Daftari liko mezani. Anayejua kusoma asome. Asiyejua asomewe na mtu anayemwamini yeye mwenyewe, siyo na sisi wa kamati.

Pili, sehemu ya uchelewesho huu ni kosa langu. Fomu ya kuomba umeme iliuliza mzigo. Mie nimejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha jioni. Nilipoona neno mzigo nikaandika: pikipiki kumi. Kumbe walitaka kilowati. Fomu ikarudishwa. Nikaona aibu, nikaifungia sandukuni wiki tano. Mwalimu wa shule anakaa hatua mia moja kutoka kwangu, wala sikumwuliza. Kuuliza si ujinga, methali hiyo nimewasomesha wengine, mwenyewe nikaisahau. Naomba radhi.

Sasa tazameni nani ameumia. Vijana wetu sita walikwisha kabidhiwa pikipiki za umeme kwa mkopo wa ushirika. Marejesho wanadaiwa kila wiki. Kuchaji wanachaji ghalani, kwenye soketi moja tu, baada ya mashine kufungwa. Pikipiki moja inachukua saa tano. Ya kwanza inaingia saa moja jioni, ya pili saa sita usiku. Kwa hiyo kila usiku zinachajiwa mbili, na kila kijana anapata zamu mara moja kwa siku tatu. Anafanya kazi siku moja, analala siku mbili, na deni halilali. Mmoja wao alijaribu kuchomeka mbili pamoja, soketi ikayeyuka. Tungeweza kuunguza mahindi ya kijiji kizima.

Ndugu zangu, jambo hili limewachelewesha hata wenye fedha. Habari hii nimeisoma mwenyewe, polepole, na mwalimu amenisahihisha. Marekani, mwezi Novemba 2021, Rais Joe Biden alitia sahihi sheria iliyotenga dola bilioni 7.5 kwa ajili ya vituo vya kuchaji magari ya umeme. Katika hizo, bilioni 5 zilikuwa za kugawiwa majimbo ili yajenge vituo kando ya barabara kuu. Mnajua kituo cha kwanza cha mpango huo wa majimbo kilifunguliwa lini? Desemba 2023, katika jimbo la Ohio. Miaka miwili imepita, na fedha ipo!

Kwa nini? Kila jimbo lilitakiwa kwanza liandike mpango, upelekwe juu ukubaliwe. Kisha litangaze zabuni. Kisha mkataba. Kisha kuomba umeme. Transfoma nazo zilikuwa adimu. Na umeme wenyewe si mchezo. Sharti lilikuwa kila kituo kiweze kuchaji magari manne kwa pamoja, kila gari kilowati 150. Jumla kilowati 600. Mota ya mashine yetu ya kusaga ni kilowati 15. Maana yake kituo kimoja ni sawa na mashine za kusaga arobaini zikinguruma kwa mpigo. Tena Februari 2025 serikali mpya ya Rais Donald Trump ikausimamisha mpango, majimbo yakaenda mahakamani, na Agosti 2025 ukatolewa mwongozo mpya wenye masharti mepesi zaidi.

Funzo ni hili: kituo si kibanda wala soketi. Hivyo ndivyo vinavyoonekana, navyo hujengwa upesi. Kinachochelewa ni kile kisichoonekana: karatasi, waya, transfoma. Sisi tulianza na bati, tukanunua na pikipiki, umeme tukauweka mwisho. Ni kama kununua sufuria na kualika wageni kabla ya kutafuta kuni.

Fomu sasa imejazwa sawasawa. Mafundi wamekuja, wakapima. Wamesema transfoma yetu inabeba nyumba, pampu ya maji na mashine ya kusaga, haiwezi kuongezewa mzigo mchana. Tusubiri kubwa zaidi. Lini, hawakusema.

Wengine wananiambia haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini methali hiyo isiwe blanketi la kufunikia uzembe. Mimi naleta mambo manne.

La kwanza. Pikipiki kumi zikichajiwa pamoja zinakula kama kilowati 7, hazifiki nusu ya mashine ya kusaga. Na mashine usiku hulala. Tuwaandikie mafundi waifunge swichi ya kugeuza: ikielekea kwenye mashine, kituo kimezima, ikielekea kituoni, mashine imezima. Vyote viwili haviwezi kuwaka pamoja. Wakikubali, tutafungua kwa kazi ya usiku huku tukisubiri transfoma.

La pili. Mpaka siku hiyo, kijana alipe marejesho ya siku ambazo pikipiki yake imechajiwa tu. Siku nyingine deni lisimame. Aliyechelewesha si yeye.

La tatu. Tuchague watu wawili wafundishwe kutunza kituo kabla hakijafunguliwa. Kule Marekani waliweka sharti kwamba mashine ya kuchaji iwe inafanya kazi asilimia 97 ya mwaka, yaani isilale zaidi ya siku kumi na moja hivi. Pampu yetu ililala miezi kwa kukosa mtu wa kukaza bolti. Tusirudie.

La nne. Kila Jumatatu nitaandika kwenye ubao huu: hatua gani imefikiwa, nani anaishika, na ameahidi tarehe gani. Jina langu likiwepo, liandikwe kama la mwingine yeyote. Nikikwama kwenye neno, nitauliza.

Sitawatajia tena siku ya kufungua mpaka niuone umeme kwa macho yangu.

Kura ya marejesho ni Jumamosi saa nne asubuhi, hapa hapa chini ya mwembe. Vijana sita waje, waseme wenyewe.



Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji