Kabla ya Kununua Injini Nyingine



Wengi wenu mna Land Cruiser za zamani zenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, bila turbo. Huku milimani hewa ni nyepesi, na injini ya namna hiyo hupungukiwa nguvu. Chujio la hewa na nozeli zikaguliwe kwanza. Mara nyingine kasoro huishia hapo.

Wapo wanaovutiwa na 1HD-FTE yenye turbo. Ni injini nzuri, ila mafuta yake hupimwa kwa kompyuta. Ikigoma porini, spana peke yake haitoshi. Kufunga turbo kwenye 1HZ nako kwaweza kuzidisha joto hadi pistoni zikapasuka. Kwa gari linalobeba mazao na wagonjwa, mimi ningechagua 1HZ nyingine iliyo nzima.

Injini ya mtumba iguseni kabla haijawashwa. Mkiikuta ina joto, huenda muuzaji anaficha ugumu wake wa kuwaka asubuhi; ngojeni ipoe. Ikishawaka, fungueni kifuniko cha oili: moshi ukisukumwa nje kwa nguvu, pete za pistoni zimechakaa. Fundi wenu, si wake, apime mgandamizo wa kila silinda.

Dhamana ya mdomo haitoshi. Muda wa kuirudisha injini uandikwe kwenye risiti pamoja na namba yake. Asiyekubali kuandika, msimlipe. Namba hiyo mtaipeleka pia TRA, maana kadi ya gari bado ina namba ya injini ya zamani.