Usinunue hadithi: maneno juu ya msaada wa sheria kwa mkimbizi

(Maneno yaliyotolewa Baraka, Fizi, mbele ya wanachama na wafadhili katika mkutano mkuu wa chama chetu)



Nimeombwa niseme juu ya sheria. Najua sheria inaleta usingizi, hasa jua likipanda namna hii. Basi nitaanza na mama mmoja wa chama chetu. Ameniruhusu kusimulia, jina lake tumeliacha.

Vita vilipowatawanya, mama huyu alikimbilia Burundi na watoto wadogo. Kijana wake mkubwa alivuka upande mwingine, akafika kambini peke yake. Kabla ya mahojiano ya ukimbizi akakutana na komisioneri. Yule akamwambia: «Hadithi yako ni ya kila mtu, watakukataa. Sema wewe ni yatima, baba na mama waliuawa mbele ya macho yako.» Kijana akalipa, akasema hivyo, ikaandikwa, akasaini.

Ile faili ilimfuata miaka yote, mpaka akapelekwa Marekani. Leo ni raia wa kule. Sheria yao inamruhusu raia aliyefika miaka 21 kumwombea mzazi wake, naye akajaza fomu. Kilichorudi kilikuwa swali: kwenye faili ya ukimbizi ulisema mama yako alifariki, sasa huyu unayemwombea ni nani?

Mama aliniletea hiyo barua nimsomee. Nilinyamaza kwanza, halafu nikamweleza. Akaniangalia, akasema: «Mwanangu, mimi nilikufaka lini?»

Sasa kijana ana avoka. Kuna kipimo cha ADN, kitaonyesha kwamba huyu ni mama na huyu ni mtoto. Lakini kipimo hakifuti uongo. Kule, mtu aliyedanganya kwenye jambo kubwa la faili yake anaweza kunyang'anywa hata uraia. Ndiyo maana kijana halali usingizi, na mama naye halali. Mambo bado hayajaisha.

Ndugu zangu, linaloniuma ni hili: hadithi yake ya kweli ilikuwa inatosha.

Septemba 1969 viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa, wakapitisha mkataba wao juu ya wakimbizi. Mkataba wa dunia wa 1951 unamtazama mtu anayewindwa kwa sababu ya kabila lake, dini, uraia, kundi lake au mawazo yake ya siasa. Ule wa Afrika ukaongeza mlango wa pili: mtu aliyelazimika kukimbia kwa sababu nchi imeshambuliwa au kukaliwa na watu wa nje, au kwa sababu ya fujo kubwa zilizovunja amani katika nchi yake yote au sehemu yake, huyo naye ni mkimbizi. Congo, Tanzania, Burundi, Uganda na Zambia zote zimeukubali mkataba huo.

Kwa lugha yetu: «Risasi zilianza usiku, nikabeba watoto nikakimbia, aliyepiga simjui.» Hayo ni maneno yenye mlango wake katika sheria. Hayahitaji kuongezwa maiti. Komisioneri anakuuzia uongo kwa sababu wewe hujui kwamba ukweli wako una thamani.

Kuna wengine kati yetu walirudi, wakajenga, halafu vita vikawakimbiza tena. Wengi wanaogopa kusema kwamba walikuwa wamerudi. Wanajiandikisha kama watu wapya, na jina lingine. Tafadhali, acheni hiyo. HCR inatunza alama za vidole na picha za macho. Tena sheria haisemi kwamba aliyerudi kwa hiari amejifungia mlango milele. Ikiwa hatari mpya imekukuta, unaweza kuomba ulinzi tena. Sema wazi: nilirudi mwaka fulani, nikaishi pale, hiki ndicho kilichonikimbiza. Kurudi kwako si kosa. Kukuficha ndiko kutakakoharibu faili.

Sasa, avoka anafanya nini? Hatungi hadithi. Anakuuliza maswali kabla ya mahojiano, ili siku ile usiwe unakumbuka kwa mara ya kwanza. Kama hujui tarehe, anakusaidia kupanga mambo kwa majira: ilikuwa kabla ya kuvuna, mtoto wa tatu alikuwa hajatambaa. Anaangalia majina. Kwetu baba na mtoto wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, na afisa wa nchi nyingine anaweza kushangaa. Ni heri ielezwe mapema. Anadai mkalimani unayemsikia vizuri, na kwamba maneno yako usomewe tena kabla ya kusaini.

Halafu kuna siku za rufaa. Uganda, kwa sheria ya wakimbizi ya 2006, aliyekataliwa ana siku 30 za kupeleka rufaa yake. Siku hizo zinahesabiwa tangu alipojulishwa. Barua ikikaa chini ya godoro wiki tano, hata avoka mzuri anapata shida. Na jamaa zenu walioingia Marekani wenyewe na wanataka kuomba hifadhi kule, kawaida wana mwaka mmoja tu tangu kuingia. Wapigieni simu leo.

Tunampata wapi mtu wa kweli? Kambini, anza na ofisi ya ulinzi ya HCR, uliza ni nani anatoa msaada wa sheria pale. Uganda kuna Refugee Law Project, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1999. Hapa kwetu Congo, mabaraza ya maavoka yana ofisi za ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Marekani, faili inashikwa na avoka, au mtu aliyepewa kibali na Wizara ya Sheria ya kule. Angalieni sana neno «notaire». Kwetu notaire ni mtu mkubwa wa serikali. Kule anayeitwa hivyo kazi yake ni kushuhudia sahihi tu. Sheria hakuisomea, na wengine wanalitumia jina hilo kula pesa za wageni.

Tena sikieni vizuri: kuandikishwa, mahojiano na kupelekwa nchi ya tatu ni bure. HCR haiuzi nafasi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na makomisioneri wakaendelea kuuza «nafasi za Marekani» kama vile hakuna kilichotokea. Mtu anayekuuzia kiti kwenye gari lililosimama, utamwita nani?

Nami nina la kukiri. Nilikulia kambini. Nikiwa na miaka 17 nilikuwa najua Kifaransa na Kiingereza kidogo, watu wakaniomba niwaandikie barua za ofisini. Nilikuwa natia chumvi. Nilidhani nawasaidia. Sikujua kwamba karatasi inaishi kuliko shida iliyoiandikisha. Siku nilipomsomea mama yule barua, nilijiuliza ni barua ngapi zangu ziko mahali fulani zinamngojea mtu. Kwa hiyo simwiti kijana yule mwizi. Simwiti mtu yeyote hapa mwizi.

Ninaomba mambo matatu.

La kwanza, kila familia itunze makaratasi yake pamoja, kwenye mfuko wa plastiki: kadi ya kambi, fomu ya kurudi kwa hiari, karatasi ya hospitali ya mtoto aliyezaliwa ugenini. Hata iliyochanika, itunze.

La pili, tutenge fungu dogo kwenye kasha la mutualite. Si la kumlipa avoka, bali la nauli, fotokopi na unite za simu. Wafadhili wetu, mnatuuliza kila mwaka wanachama wanakwama wapi. Wanakwama hapo: avoka ni wa bure, lakini barabara ya kumfikia si ya bure.

La tatu, kama uliwahi kununua hadithi, au mtoto wako alinunua, usikae kimya, wala usinunue ya pili ya kufunika ya kwanza. Mweleze avoka kabla ofisi haijauliza. Anayejirekebisha mwenyewe anasikilizwa tofauti na aliyekamatwa.

Mimi nakaa kwenye ofisi yetu kila Alhamisi asubuhi. Mimi si avoka, nitakuonyesha njia tu. Njoo na karatasi yako kabla ya kusaini.