Samaki 153 na Miaka 50: Neno la Jubilii ya Kwaya Yetu

 

Sisi wanakamati ya jubilii tumeombwa kutoa neno. Huenda mlitarajia tusimulie jinsi kwaya ilivyoanza, nani alifundisha wimbo wa kwanza, na ngoma ya kwanza ilitoka wapi. Hayo mtayasoma kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki. Neno letu leo linahusu hesabu. Msiogope, hakuna mtihani mwishoni.

Tumechagua hesabu kwa sababu kilichotusumbua zaidi katika maandalizi haya hakikuwa hema, wala sare, wala sufuria za kupikia. Ilikuwa orodha. Tulipoanza kuandika majina ya wote waliowahi kuimba katika kwaya hii, swali lilizuka siku hiyo hiyo: tuhesabu nani? Wengine walisema tuandike waliopo tu. Wengine wakasema waliopo pamoja na marehemu. Je, yule aliyehamia kanisa jingine? Yule aliyeondoka kwa hasira wakati wa mabishano ya kinanda? Yule dada aliyesimamishwa kuimba akiwa msichana, asirudi tena? Tulikutana mara mbili na mara zote mbili tukaachana bila kuelewana. Katika mkutano wa tatu mmoja wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alituambia tufungue Walawi 25 na Yohana 21, tusome tukiwa na kalamu mkononi. Tuliyoyaona humo ndiyo tunayowaletea.

Hesabu ya jubilii

Katika Walawi 25 Mungu anawaagiza Waisraeli wahesabu miaka saba mara saba, yaani miaka 49, kisha wautakase mwaka wa 50. Katika mwaka huo ardhi ilipumzika. Aliyekuwa ameuza shamba la baba yake kwa sababu ya umaskini alirudishiwa. Aliyejiuza kuwa mtumishi alikwenda huru, akarudi kwa jamaa yake.

Tazameni hesabu hiyo. Saba mara saba ni mraba: safu saba, kila safu ina saba, hakuna pengo popote. Lakini 49 bado si jubilii. Jubilii ni 49 na moja juu yake. Katika mwaka huo mmoja hawakupanda wala hawakuvuna. Miaka 49 ilikuwa jasho lao, na wa 50 ulikuwa neema. Kwa hiyo kwaya inapofikisha miaka 50 isijisifu kwa mazoezi yake peke yake. Kuna moja ambayo hatukuifanyia kazi.

Jambo jingine litawafurahisha wanamuziki. Mwaka ule ulitangazwa kwa pembe, na pembe hiyo ilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, ambayo ni Siku ya Upatanisho. Watu walipatanishwa na Mungu, na siku hiyo hiyo pembe ikasikika nchi nzima ikiwaambia waliotawanyika warudi nyumbani. Sherehe ilianzia kwenye msamaha. Tunaomba mkumbuke siku hiyo: kumi ya mwezi wa saba. Tutairudia.

Samaki waliohesabiwa

Yohana 21 inatupeleka kwenye bahari ya Tiberia baada ya Bwana kufufuka. Wanafunzi saba wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Asubuhi mtu aliye ufuoni anawaambia watupe wavu upande wa kuume wa mashua. Unajaa hata hawawezi kuuvuta. Petro anapouburuta hadi nchi kavu, Yohana anaandika idadi kamili: samaki wakubwa 153. Anaongeza kwamba, ingawa walikuwa wengi hivyo, wavu haukupasuka.

Kwa nini 153? Yohana hakueleza. Wakristo wa kale waliifikiria sana nambari hiyo. Jeromu, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alisema kwamba waandishi wa habari za samaki walihesabu aina 153. Kwa maelezo hayo wavu wa Injili unavua watu wa kila aina. Maelezo mengine yalitoka kwa Mwafrika mwenzetu, Augustino. Alizaliwa mwaka wa 354 katika nchi tunayoiita leo Algeria, akawa askofu wa Hippo, na akafa mwaka wa 430.

Augustino alianza na kumi, Amri Kumi. Kisha akachukua saba, hesabu ya Roho Mtakatifu katika Maandiko. Lugha yetu ya Kiswahili inaitamka hesabu yake waziwazi: kumi na saba. Sheria ni kumi, Roho ni saba, na neno linaloviunganisha ni hilo dogo, "na". Hata siku ya pembe ilikuwa ya kumi, mwezi wa saba.

Mwanakwaya analielewa jambo hili haraka. Kumi ni kufika mazoezini kwa wakati, kuvaa sare, kujifunza noti na kutazama mkono wa mwalimu. Saba ni Roho. Kwaya yenye kumi bila saba huimba noti zote sawasawa na hakuna moyo unaoguswa. Kwaya inayodai kuwa na saba lakini haitaki kumi hutoka kwenye ufunguo kabla ya ubeti wa pili kwisha.

Kisha Augustino akafanya jambo ambalo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kulifanya. Alijumlisha moja, mbili, tatu, nne, akaendelea hadi kumi na saba. Jumla ni 153.

Pembetatu ya watu

Wanahesabu huiita 153 nambari ya pembetatu. Fikirieni kwaya imesimama hapa mbele. Safu ya kwanza ina mtu mmoja, ya pili wawili, ya tatu watatu, hadi safu ya 17 yenye watu 17. Ukitazama kutoka juu utaona pembetatu isiyo na pengo. Jumla zake zinakwenda hivi: 1, 3, 6, 10, 15, 21, 28, 36, 45, 55, 66, 78, 91, 105, 120, 136, 153.

Akina mama wetu wa soko la Lubao wanaijua hesabu hii bila kuiandika. Fungu la nyanya ni tatu chini na moja juu. Zile tatu za chini ni pembetatu ndogo. Chomoa moja uone kama ile ya juu itakaa.

Tulijifunza mambo matatu kutoka kwa pembetatu hii.

La kwanza, inaanza na mmoja, na kila safu inaongeza mmoja tu kuliko safu iliyoitangulia. Mungu hakuwadai waliotutangulia umati. Kila kizazi kilipaswa kushika kilichopewa na kuongeza mmoja. Haba na haba hujaza kibaba. Vijana, nyinyi ndio safu ndefu iliyo nyuma. Mna vipaza sauti, mna simu za kurekodi, mna sauti zenye nguvu. Lakini safu ya 17 haifanyi 153 peke yake. Inafanya 17 tu. Zile 136 zilikuwa zimeshasimama kabla yenu.

La pili ni njia ya kuzijumlisha upesi. Chukua safu ya kwanza yenye mtu 1, uiunganishe na ya mwisho yenye watu 17: unapata 18. Ya pili yenye 2 na ya kumi na sita yenye 16: 18 tena. Tatu na 15 ni 18. Nne na 14 ni 18. Endelea hivyo na utapata jozi nane, zote sawa, jumla 144. Mdogo kabisa akishikana na mkubwa kabisa, thamani yao ni sawa na ya wale wanaokaribiana. Hivyo ndivyo mwili wa Kristo ulivyo. Bibi aliyeimba alto tangu mwanzo akishikana mkono na mtoto aliyejiunga mwezi uliopita, hakuna aliyepungukiwa.

Safu ya tisa, iliyo katikati, imebaki bila mwenzi. Usipoihesabu utasimama kwenye 144. Ukiihesabu unafika 153. Kwa hiyo wajane wetu, na nyote mnaokaa peke yenu kwenye benchi, msidhani hesabu ya Mungu inawaruka kwa sababu hamna wa kuunganishwa naye. Bila nyinyi haifiki.

La tatu ndilo lililomaliza ubishi wa kamati. Ondoa samaki mmoja tu kati ya 153. Wanabaki 152, bado ni wengi, na sokoni hakuna mnunuzi angegundua. Lakini 152 si pembetatu. Kuna mahali pana tundu. Anayetazama kutoka ufuoni haoni. Aliyewapanga anaona.

Mmoja mmoja

Hatusemi kwamba nambari zinathibitisha imani yetu. Tunamwamini Bwana kwa sababu alikufa na kufufuka, na kama wale samaki wangekuwa 150, bado angekuwa amefufuka. Nambari hii ni mfano, kama mbegu ya haradali ilivyo mfano. Kilichotugusa kuliko pembetatu yenyewe ni hiki: kuna mtu aliketi akahesabu. Walikuwa wamechoka, hawakulala, wana njaa. Bwana mwenyewe alikuwa pale, mkate uko tayari, moto wa makaa unawaka. Hata hivyo hawakuandika kwamba samaki walikuwa kama mia na kitu. Walihesabu mmoja mmoja. Neema haikadirii.

Linganisheni na Luka 5, walipovua mara ya kwanza. Samaki walikuwa wengi pia, lakini hawakuhesabiwa, na nyavu zilianza kukatika. Augustino naye aliweka habari hizo mbili pamoja. Safari ya kwanza hakuna idadi, na nyavu zinakatika. Safari ya pili kila mmoja anajulikana, na wavu ni mzima. Sisi tumeona hivi: kundi ambalo halijui ni nani hayupo linakatika polepole. Bandu bandu huisha gogo. Mmoja anakosa mazoezi na hakuna anayeuliza. Anakosa ibada, hakuna anayeuliza. Baada ya mwaka tunasema aliondoka.

Sura ile haiishii kwenye samaki. Baada ya kula, Bwana anamgeukia Petro. Mtu huyu alimkana mara tatu, naye akiota moto wa makaa. Sasa, kando ya moto mwingine wa makaa, anaulizwa mara tatu kama anampenda, na mara tatu anakabidhiwa kondoo. Jina lake halikufutwa. Alirudishiwa kazi mbele ya wenzake, asubuhi ile ile ya kuhesabu.

Orodha yetu

Wapendwa, haya ndiyo tuliyokubaliana. Katika orodha iliyo mwishoni mwa kijitabu hiki, kila aliyewahi kusimama na kuimba nasi ameandikwa kwa mwaka aliojiunga. Hakuna alama kando ya jina la mtu yeyote. Walio hai na waliolala katika Bwana wamo pamoja, kwa maana kwake wote wanaishi. Walioko Nairobi, walioko ng'ambo, waliooleka mbali, waliohamia makanisa mengine, walioondoka kwa kukosana: wote wamo, na hapajaandikwa sababu.

Orodha bado haijakamilika. Kurasa mbili za mwisho zina mistari mitupu. Hatukuziacha wazi kwa kukosa picha za kuweka. Tunaomba mtusaidie kwa mambo matatu.

Kwanza, kabla hujatoka hapa leo, kama unamjua aliyeimba nasi na hajaandikwa, andika jina lake, umpe pia mwandishi wa kamati.

Pili, kila sauti, soprano, alto, tena na besi, imepewa majina ya watu wake ambao hawaji tena. Waendeeni kabla mwaka huu wa jubilii haujaisha. Msiende na barua wala na shutuma. Nendeni wawili wawili, mkae, mnywe chai, msikilize, kisha muwaambie kwamba mahali pao papo. Baadhi yao mnakutana nao kila Ijumaa watu wanapojaa Lubao kwa soko la mbwa, mkasalimiana na kupitana. Safari hii msipitane.

Tatu, wimbo wa mwisho wa leo si wa waliovaa sare peke yao. Mwalimu atakapoinua mkono, kila aliyewahi kuimba katika kwaya hii aje mbele, hata kama ni mwaka mmoja tu, hata kama ameketi nyuma kabisa karibu na mlango na hakuna anayejua kwamba amekuja. Usiogope kuwa umesahau maneno. Simama kando ya mtu wa sauti yako, atakushika mkono.

Mungu aliyeanza na mmoja na kutuongezea mmoja mmoja kwa miaka 50 aulinde wavu huu usipasuke. Awabariki walimu wetu wote, awakumbuke waliotutangulia, na awarudishe nyumbani waliotawanyika.

Bwana asifiwe. Amina.