Zebaki Katika Maji Yetu



Tangu dhahabu ilipoonekana Kakamega mwaka 1931, wengi wamepata riziki yao ardhini. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa katika miaka ya 1950, lakini wachimbaji wadogo wangali kazini huko Rosterman na Ikolomani. Wengi wao huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili ishike dhahabu. Kisha huichoma, na mvuke wake ni sumu kwa auvutaye. Masalio huoshwa, na mvua huyapeleka mitoni.

Tumezoea kufundishana kuchemsha maji. Ni desturi njema, kwa maana moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini zebaki si kijidudu, wala maji hayasafiki nayo kwa kuchemshwa. Tena matopeni hugeuka sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki, na kwa samaki ikamfikia mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Maradhi yakatambuliwa mwaka 1956, na watoto walizaliwa wamelemaa.

Hatuwaambii vijana waache riziki. Twawaomba wasioshe dhahabu mitoni wala karibu na chemchemi, wala wasichome zebaki jikoni. Nanyi wazee wenye mashamba, msitoe ruhusa ya kuchimba bila sharti hilo. Mto Isiukhu huingia katika Nzoia, nao Nzoia huingia katika Ziwa Viktoria. Tukiuchafua hapa, jirani ndiye anywaye.