Dumu la Maji kwenye Buti: Kutafuta Chanzo cha Gari Kuchemsha



Gari la zamani likiletwa gereji kwa sababu linachemsha, mimi huanza kwa kumwomba dereva afungue buti. Mara nyingi nalikuta dumu la lita tano, limejaa maji, limefungwa kwa kipande cha nailoni. Ninachotaka kujua ni hili: dumu hilo analijaza mara ngapi kwa wiki, na anaongeza maji wakati gani, asubuhi kabla ya kuwasha au njiani mshale wa joto ukishapanda? Majibu hayo mawili hunifaa kuliko dakika kumi za kuzunguka gari na tochi.

Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Ukiwa mzima, unaweza kukaa miezi bila kuhitaji hata kikombe kimoja. Maji yakipungua, yametoka kwa njia fulani: yamevuja nje, yamevuja ndani, au yamechemka yakatoka kwa mvuke. Kazi ya fundi ni kuijua njia hiyo kabla ya kulegeza nati yoyote. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona silinda hedi nyingi zikifunguliwa bure, na nyingine nyingi zikiungua wakati fundi anahangaika na feni.

Tuanze na mfuniko wa rejeta, kitu tunachokidharau kuliko vyote. Kwenye magari mengi ya Toyota yanayotoka Japani utaukuta umeandikwa 0.9. Hiyo ni kilo kwa kila sentimita ya mraba, na maana yake ni kwamba mfuniko huo unayashikilia maji kwa shinikizo hadi yafike nyuzi 118 hivi kabla ya kuchemka, badala ya 100. Springi ikilegea au mpira wake ukikauka, faida yote hiyo inapotea. Sasa fikirini gari hilo likiwa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji yasiyofungwa huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Swichi ya feni ya Corolla nyingi za miaka ya 1990 huwasha feni kwenye nyuzi 93. Yaani feni inapoanza kuzunguka, maji yako karibu kuchemka. Dereva atakwambia gari lilikuwa zima Dar es Salaam na limeharibikia mlimani. Hakuna kilichoharibikia mlimani. Mfuniko ulikuwa mbovu tangu pwani, ila pwani haikuudai.

Kuupima mfuniko ni kazi ya dakika mbili ukiwa na pampu ya kupimia shinikizo. Ukiachia chini ya 0.6, tupa. Kama pampu huna, tazama mpira wa juu wa rejeta gari likishapoa: ukiukuta umenywea kama umefyonzwa, vali ndogo ya katikati ya mfuniko haifunguki kurudisha maji kutoka tanki la akiba.

Nieleze gari moja, kwa sababu lilinifundisha mengi. Lilikuwa Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE, teksi, na dereva wake mtu mzima aliyeijua kazi yake. Alikuwa amekwishapita gereji mbili. Ya kwanza ilimbadilishia mfuniko na kumsafishia rejeta. Ya pili ilitoa thamostati na kuunga feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Gari likaendelea kuchemsha.

"Fundi, halidondoshi hata tone," aliniambia, "lakini maji linakunywa."

"Kiasi gani, mzee?"

"Lita moja kila siku mbili, mwanangu. Wakati mwingine zaidi."

Nilimwomba aliache usiku kucha. Injini ya moto haisemi ukweli wote, na kufungua mfuniko wa moto ni kujitafutia majeraha. Kitambaa hakikingi mvuke ule. Wapo wenzetu wenye makovu ya usoni kwa sababu waliamini kitambaa.

Asubuhi nilijaza maji hadi mdomoni, nikafunga mfuniko, nikaushika mpira wa juu kwa mkono wa kushoto, kijana wangu akawasha. Haikupita dakika moja, mpira ukakakamaa mkononi kama tairi lililojazwa upepo. Maji yalikuwa bado baridi kabisa. Maji baridi hayana nguvu ya kutunisha mpira namna ile. Shinikizo lile lilitoka kwenye silinda, likapenya gasketi ya hedi. Tulizima, tukatoa plagi. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia iliyokauka. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeupe, safi kama imeoshwa, na kweli ilikuwa imeoshwa na mvuke. Kwa uhakika tuliweka kipimo chenye ile dawa ya buluu ya kutambua moshi mdomoni mwa rejeta, injini ikinguruma. Ikageuka manjano, dalili kwamba gesi ya moshi imo ndani ya maji.

Hedi ilipotoka tuliipima kwa rula ya chuma na fila geji. Toyota inaruhusu kupinda kwa milimita 0.05 upande wa bloku, kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Ile ilipitisha fila ya 0.15 kati ya silinda ya pili na ya tatu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, kwa hiyo injini ikizidiwa na joto, hedi inasukumana na boliti zilizoibana hadi inapinda.

Lakini kwa nini ilizidiwa na joto mwanzoni? Mzee akafungua kidroo cha dashibodi akatoa mfuniko wa zamani, ule uliobadilishwa gereji ya kwanza; alikuwa ameuhifadhi. Tuliupima, ukaachia kwenye 0.4. Kwa maoni yangu hapo ndipo yote yalipoanzia: kitu cha bei ndogo kilichokuwa kikitoa mvuke kidogo kidogo kwa miezi, dumu likiuficha ugonjwa, mpaka siku maji yalipopungua sana kwenye foleni. Mzee alikumbuka siku hiyo. Alisema mshale ulipanda, kisha ukashuka wenyewe, akashukuru Mungu akaendelea kuendesha. Tafadhali wafundisheni madereva wenu jambo hili. Sensa ya joto hupima maji. Maji yakishuka chini yake ikabaki kwenye mvuke, mshale unaweza kurudi baridi huku hedi ikiungua. Mshale ukishuka ghafla bila sababu, zima gari papo hapo. Wala usimwagie injini maji ya baridi. Hedi ya moto hupasuka.

Kuhusu thamostati nina ugomvi wa muda mrefu na desturi yetu. Tunaitoa tukisema huku kwetu ni joto, haina kazi. Kwenye injini kama 5A-FE thamostati ina vali ya pili upande wa chini. Inapofunguka kupeleka maji kwenye rejeta, vali hiyo inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka bila kuiona rejeta. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza jambo hili kwa maneno ya wazi: usiitoe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Kuipima ni rahisi. Ining'inize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, uone inaanza kufunguka wapi. Iliyoandikwa 82 ianze kati ya 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi.

Feni nayo ina jaribio lake. Kwenye Corolla hizo za miaka ya 1990, ukichomoa soketi ya swichi ya joto huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuzunguka. Ikizunguka, mota na waya ni vizima, shughulikia swichi. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia linakuelekeza kwenye feni. Linalochemsha likipanda mlima wa Kitonga na shehena, huku foleni ya Dar likiivumilia, rejeta yake imeziba ndani. Pitisha kiganja juu yake ikiwa na joto la wastani na feni imechomolewa. Sehemu zilizoziba utazihisi baridi. Wanaojaza maji ya visima vya pwani wanaujua ukoko unaoiziba.

Uvujaji wa nje nisiupe muda mrefu: vibano vya mipira, kitundu cha chini ya wota pampu, mshono wa plastiki na aluminiamu kwenye rejeta. Pampu ya shinikizo, gari likiwa baridi, huonyesha karibu yote. Hita ndiyo inayosahaulika. Zulia la abiria likilowa na kioo cha mbele kikipata ukungu wenye harufu tamu, maji yanaishia humo. Usichanganye na matone ya eyakondishena, ambayo hayana harufu wala rangi. Na utando mweupe chini ya kifuniko cha oili usikutishe peke yake. Kwa magari ya safari fupi kwenye baridi ya Njombe mara nyingi ni unyevu tu. Vuta kijiti cha oili utazame kabla ya kumwambia mwenye gari habari mbaya.

Gari la mzee lilirudishiwa hedi iliyoskimiwa, gasketi mpya, thamostati na mfuniko wa 0.9, na feni ikaunganishwa tena na swichi yake. Tulilijaza kulanti likiwa limeinua pua kwenye mteremko, hita ikiwa kwenye moto, polepole ili hewa itoke, tukasubiri feni iwake na kuzima mara mbili. Kesho yake asubuhi tukatazama tena kiwango kabla ya kumkabidhi.

Nje, chini ya mwembe, lipo gari ambalo halijawashwa tangu jana jioni. Mwenyewe analalamika lita mbili kwa wiki. Pampu iko mezani, na dawa ya buluu ipo. Twendeni, ila mfuniko aufungue aliye mdogo kuliko wote hapa, sisi tumtazame.