Kompyuta ya Ofisi Inapokataa Kuwaka

Maneno ya komite ya ofisi mbele ya mkutano wa wanamemba, Bukavu

 

Mwenyekiti alituomba tueleze habari ya kompyuta ya ofisi, maana maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema imekufa. Wengine wanasema iko na virusi. Wengine wameanza kuuliza kama wafadhili hawawezi kutununulia ingine. Jibu letu: haijakufa, haikuwa na virusi, na hatuombi ingine. Tunapenda mjue tulifika vipi hapo, kwa sababu hapa Bukavu, kwenye shule, kwenye makanisa na kwa watu wa fotokopi, kuko mashini nyingi zenye ugonjwa huo huo, na wenyewe wanazitupa bure ao wanalipa fundi mara tatu.

Kwanza tukumbuke kilichomo ndani yake. Kuko orodha ya wanamemba, michango ya kila mwezi, na hesabu ya msaada wa msiba na wa hospitali. Kuko pia kopi za karatasi zenu: fomu za HCR za kurudi kwa hiari, vyeti vya watoto waliozaliwa Nyarugusu, Nakivale ao Burundi, na ripoti zao za shule. Wamoja kati yetu walivuka Ziwa Tanganyika na karatasi hizo ndani ya mfuko wa plastiki, na leo kopi ya ofisi ndiyo imebaki peke yake. Mashini ikikataa siku ya msiba, mjane anakaa kwenye benchi tangu asubuhi akingoja tuhakikishe michango ya marehemu ili apewe haki yake. Ndiyo maana jambo hili tumelileta kwenye mkutano.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi tunabonyeza kifungo, feni inazunguka kama sekunde moja, halafu kimya. Tunabonyeza tena, kimya. Mara ya tatu ao ya nne inawaka, na inafanya kazi siku nzima bila shida. Kesho yake inawaka mara moja. Ugonjwa wa kuja na kwenda unachosha kuliko ule wa kudumu, maana fundi akifika, mashini inawaka mbele yake kama vile haijapata kuumwa. Fundi wa kwanza aliibonyeza, ikawaka, akasema haina kitu, akaenda zake.

Basi tulifanya mambo matatu.

La kwanza, tuliacha kusema tu "haiwaki". Neno hilo lina maana tatu, na kila moja inakupeleka pahali pake. Ukibonyeza na hakuna kitu kabisa, hata taa, tazama umeme, ralonji, waya na kifungo. Feni ikizunguka na taa zikiwaka, lakini ekra inabaki nyeusi, tazama waya wa ekra, halafu ramu. Ikionyesha jina la kampuni na kukwama wakati Windows inaingia, hapo shida iko kwenye diski ao programu, na ni hapo ndipo unaweza kuanza kuongea habari ya virusi. Mashini yetu ilikuwa inazimika kabla diski haijasomwa. Kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, kama wengine walivyotushauri, kungepoteza kazi yetu na ugonjwa ungebaki.

La pili, tuliweka daftari kando ya mashini. Kila mwenye kuiwasha aliandika tarehe, saa, alibonyeza mara ngapi, umeme ulikuwa wa mji ao wa jenereta, na mashini ilikuwa imezimwa kwa muda gani. Baada ya majuma matatu tulisoma daftari pamoja. Ilikuwa inakataa asubuhi tu, ao kisha umeme kukatika masaa mengi. Ikizimwa na kuwashwa baada ya dakika tano, haikukataa hata mara moja. Na kwa jenereta ilikataa vilevile. Kumbe umeme wa ukutani haukuwa sababu ya siku ile ile. Mashini ilikuwa inakataa ikiwa baridi. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na asubuhi za hapa kando ya ziwa mnazijua.

Ndani ya kompyuta kuko sanduku la chuma linaloitwa alimantasio. Linapokea volti 220 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Ndani yake mna vikopo vidogo, kondasateri, vyenye majimaji. Miaka ikipita, majimaji yanakauka. Kikopo kilichokauka kikiwa baridi hakiwezi kusukuma ule umeme mwingi wa kuanza. Kikipata joto kidogo kinaweza. Joto, vumbi, na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu vinakizeesha haraka. Mji unaishi kwa maji ya Ruzizi, stasio ya kwanza ya mwisho wa miaka ya 1950 na ya pili ya 1989 tunayogawana na Rwanda na Burundi, na watu wameongezeka sana. Kukatika tumekuzoea.

La tatu, tulibadilisha kitu kimoja kimoja, na kila kimoja tulikipa siku zake. Tuliondoa ralonji: ikakataa. Tulibadilisha waya: ikakataa. Tulitoa ramu, tukasafisha meno yake kwa gome ya penseli, tukairudisha: ikakataa. Tuliweka betri mpya ya mviringo, ile ya volti 3, maana saa ilikuwa inarudi nyuma na risiti zinatoka na mwaka wa zamani. Saa ikapona, kuwaka bado. Mwishoni jirani alituazima alimantasio ya mashini yake. Majuma mawili, haikukataa hata siku moja. Halafu tuliirudisha ile ya zamani makusudi, na asubuhi iliyofuata ikakataa. Ubishi ukaisha. Tulinunua alimantasio nzima kwa pesa ya sanduku la ofisi; risiti iko kwa mweka hazina, kila mwanamemba anaweza kuiona.

Kwa wenye kutaka kujaribu nyumbani, shikeni haya. Chomoa waya, bonyeza kifungo sekunde kumi ili umeme uliobaki utoke, na gusa chuma cha mashini kabla ya kugusa ramu. Alimantasio yenyewe usiifungue hata kama imechomolewa. Inaweza kutunza umeme wa kuua mtu. Na kama nyuma yake kuko kiswichi cha 115 na 230, kikae kwenye 230. Ukikipeleka 115 kwa umeme wetu, unaichoma palepale.

Mashini imepona, lakini nyingine itakuja kuumwa. Kwa hiyo komite imeamua hivi. Kila ijumaa orodha yote inakopiwa kwenye diski mbili: moja inabaki ofisini Ibanda, moja inalala Kadutu kwa mwanamemba aliyechaguliwa na mkutano. Kila mwisho wa mwezi orodha ya michango inachapwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi. Siku ya msiba tutasoma karatasi, hata kama mji wote uko gizani. Na wenye karatasi za awali walete ofisini mwezi huu, tulinganishe na kopi.

Kwa wafadhili: pesa mliyokuwa mnafikiria kwa kompyuta mpya, tunaomba sehemu ndogo yake tu, kwa onduleri moja itakayotupa dakika chache za kufunga hesabu vizuri umeme ukikatika. Inayobaki iende kwenye msaada wa hospitali, kama mkutano ulivyokwisha kupitisha.

Daftari la kando ya mashini linaendelea. Mwenye kuwasha, aandike.